Aliyepotea Yuko Tawi Gani?



Ndugu zangu, je, mtu anaweza kumdhulumu mwenzake kwa kuandika vibaya tu? Sina maana ya kuandika uongo wala kughushi hati. Nina maana ya mtu mwenye nia njema, aliyeandika jambo la haki kwa namna ambayo yeye mwenyewe, baada ya miezi mitatu, hawezi tena kulisoma na kueleza limeamua nini. Kwetu sisi wa masomo ya dini swali hili si geni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na ikiwa mdaiwa ni dhaifu au hawezi kujieleza, inamtaka msimamizi wake aeleze kwa niaba yake. Mwandishi hapo amebebeshwa dhima pamoja na kalamu.

Siku hizi wengi wanaoandika haki za watu hawashiki kalamu, wanaandika programu. Na hata pasipo na kompyuta, haki zetu hupitishwa katika masharti yaliyopangwa mithili ya programu. Mwezi Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwagawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji: la kwanza lipate asilimia 60 ya mgao kamili, la pili asilimia 30, la tatu lisipate kitu. Familia yetu inaishi Misiera, Nakivale, kwa hiyo nalijua swali lililofuata katika kila nyumba: kwa nini sisi tuko kundi hili? Jibu la swali hilo ni njia moja inayopita katikati ya masharti. Mama mwenye nyumba hana haja ya kujua hesabu zake. Ana haja ya mtu anayeweza kuifuata njia hiyo kwa kidole, sharti baada ya sharti, amwambie: mama, ulipinda hapa. Akikosekana mtu huyo, hata rufaa haina mahali pa kushika.

Kwa hiyo swali la makala hii ni hili: utata wa programu ni jambo la ufundi tu, au ni jambo ambalo mwandishi wake ataulizwa? Wenzetu wa idara ya kompyuta hulichukulia kama usafi wa kazi, mfano wa fundi kufagia karakana jioni. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba ni amana, na nimefika hapo kupitia kazi ambayo bado tunaifanya hapa Mbarara.

Kundi la ndugu wa kompyuta wanaandika programu ya simu ya kugawa mirathi, ili imamu au familia waweke majina ya warithi na kupata mafungu. Mimi kazi yangu ni upande wa fiqhi: kukagua kwamba kila fungu linaendana na madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku. Tusijione tumevumbua jambo. Al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoriti, katika kitabu chake cha al-jabr alichokiandika Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, alitenga sehemu kubwa kwa hesabu za wasia na mirathi. Kompyuta na faradhi ni jamaa wa zamani.

Huko ndiko nilikokutana na namba ya McCabe. Mwaka 1976 Mmarekani Thomas McCabe alichapisha njia ya kupima utata wa methodi, yaani kile kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Njia yenyewe ni nyepesi hata kwa mtu wa nahau na sarufi kama mimi. Hesabu njia panda zote ndani ya methodi, yaani kila mahali programu inapouliza "je, ni hivi?" na kugeuka, kisha ongeza moja. Chukua fungu la mama. Je, marehemu ameacha mtoto, au mjukuu wa kwa mwana? Je, ameacha ndugu wawili au zaidi? Je, warithi ni mume au mke pamoja na baba na mama tu? Maswali matatu, ongeza moja, namba ni 4. McCabe alipendekeza kikomo cha 10. Ikizidi hapo, methodi igawanywe.

Namba hiyo pia inakwambia unahitaji angalau majaribio mangapi kuipima methodi ipasavyo. Lakini isikudanganye kwa udogo wake. Methodi yenye maswali kumi yanayofuatana ina namba 11, ilhali idadi ya safari zote zinazowezekana ndani yake ni 1,024, kwa kuwa kila swali linazidisha safari mara mbili. Hakuna binadamu anayeshika safari 1,024 kichwani. Na ikiwa maswali yamefunikana, moja ndani ya lingine ndani ya lingine, kusoma kunakuwa kugumu zaidi hata kama namba ya McCabe haibadiliki. Ndiyo maana kampuni ya SonarSource baadaye ilitoa kipimo kingine ambacho huongeza adhabu kwa kila swali lililozama ndani ya swali.

Methodi ya kwanza waliyonionyesha wale ndugu, iliyogawa mirathi yote mahali pamoja, ilikuwa na namba 43. Ilikuwa ikitoa majibu sahihi kwa mifano yote tuliyoijaribu siku hiyo. Nikauliza: mjane akibisha, nani atamweleza? Tukatazamana.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo ya wanafunzi. Basi tazama Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko lilitumia programu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, kusimamia hesabu za matawi. Programu ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na wasimamizi wa matawi wakashitakiwa wizi. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani hadi mwaka 2015. Wengine walifungwa, wengine walifilisika kwa kulipa fedha ambazo hawakuchukua. Mahakama zilikuwa zinadhani kompyuta ni sahihi mpaka ithibitike vinginevyo, na mtuhumiwa hakuwa na njia ya kuingia ndani ya programu kuonyesha ilipokosea. Bunge lilifuta nyingi kati ya hukumu hizo kwa sheria mwaka 2024.

Sasa kuna jambo dogo katika kisa hicho linalohusu mada yetu moja kwa moja. Ripoti ya ndani ya mwaka 1998, kabla programu haijasambazwa, ilitoa mfano wa methodi iliyoandikwa kubadilisha alama ya namba, yaani 5 iwe hasi 5, na hasi 5 iwe 5. Kazi hiyo ni ya mstari mmoja, weka alama ya kutoa mbele ya namba, basi. Mwandishi wake alijenga njia panda: je, namba iko chini ya sifuri? Kama ndiyo, fanya hivi. Kama sivyo, toa mara mbili yake. Jibu lilikuwa lilelile. Methodi hiyo haikumfunga mtu. Lakini waliokagua waliona ndani yake alama ya mkono ulioandika sehemu nyingine zote, na wakatahadharisha. Njia panda isiyo na haja ni ushahidi kwamba mwandishi hakuelewa anachokiandika.

Bani Israil walipoamriwa kuchinja ng'ombe, kisa kilichomo katika Suratul Baqara kuanzia aya ya 67, wafasiri wanasema ng'ombe yeyote angetosha. Wakauliza wa namna gani, wakauliza rangi, wakauliza tena, na kila swali likaleta sharti jipya mpaka karibu wasichinje kabisa. Nimewahi kumsimulia ndugu yangu wa kompyuta kisa hicho kama darasa la McCabe, akacheka sana. Lakini kuna utata tunaojiletea wenyewe kweli, na huo hauna mtetezi.

Mafakihi wetu walilijua hilo. Angalia wanavyofundisha mirathi katika madrasa, mfano kwa matini ya ar-Rahbiyya ambayo wengi wetu tuliisoma. Hawakuandika orodha ya kila familia inayowezekana duniani. Waliigawa kazi kwa hatua. Kwanza gharama za mazishi, madeni na wasia. Kisha nani amezuiwa na nani. Kisha mafungu maalumu. Kisha asili ya mas-ala, yaani namba ya chini itakayobeba mafungu yote. Kila hatua inapokea matokeo ya ile iliyotangulia na haiulizi tena yaliyokwisha kuulizwa huko. Tulipoipanga upya programu kwa mfuatano huohuo, methodi ya 43 iligeuka methodi kumi na kitu, nyingi zikiwa na namba chini ya 6. Hatukubuni chochote, tulifuata mpangilio wa kitabu.

Na tazama uzuri wa 'awl. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Jumla ni mafungu saba ya sita: mali haitoshi. Mtu mwenye haraka angeandika sharti maalumu kwa familia hii, kisha lingine kwa familia inayofanana nayo, na lingine. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.) lilipotokea jambo hili, ikapitishwa kanuni moja: mafungu yabaki 3 na 4, asili ipandishwe kutoka 6 hadi 7, kila mmoja apungukiwe kwa kadiri yake. Sharti moja likafunika familia nyingi mno. Ibn Abbas (R.A.) alikuwa na rai tofauti, na ni sawa kuitaja, lakini hata anayepinga anajua hasa anapinga nini, kwa kuwa kanuni imesimama peupe.

Mpaka hapa naweza kuonekana kama mhubiri wa namba ndogo. Sivyo kabisa, na hapa ndipo penye uzito wa jambo.

Namba inaweza kushushwa bila kumsaidia mtu yeyote. Ukichukua methodi yenye njia panda nyingi ukaikata vipande vitatu katikati ya wazo, kipimo kitafurahi, kila kipande kitaonekana na afya, na msomaji atalazimika kuruka huku na huku akishika vipande vitatu badala ya kimoja. Sisi tuna neno la kazi inayopambwa kwa ajili ya anayetazama: riya. Sijui neno la kiufundi linaloieleza vizuri zaidi.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Rudi kwenye fungu la mama. Swali la tatu, lile la mume au mke pamoja na wazazi wawili, ndilo liitwalo Umariyya: mume akachukua nusu, mama akapewa theluthi ya kilichobaki, baba akachukua salio. Ukilifuta swali hilo, methodi inashuka kutoka 4 hadi 3, na mama anapata theluthi kamili, zaidi ya baba. Inaonekana kama usafishaji tu. Kumbe hiyo ndiyo rai ya Ibn Abbas, na madhehebu manne yamekwenda na rai ya Umar. Aliyefuta tawi lile amehama kutoka rai moja kwenda nyingine, amebadilisha haki ya baba wa marehemu, na hakumwambia mtu. Hakujua hata yeye. Na mwenye simu ataamini ndivyo dini inavyosema.

Mgogoro wetu wa kweli ulikuja kwenye mlango wa mafqud, mtu aliyepotea, asiyejulikana kama yu hai au amekufa. Katika vitabu mlango huu ni mfupi na huja mwishoni. Katika programu ulikuwa umeingia kila mahali: kila methodi ya kila mrithi ilianza na swali "je, amepotea?", na namba zote zikapanda tena. Ndugu yangu akapendekeza tuuondoe.

"Sheikh, hiyo ni nadra," aliniambia. "Tuandike tu chini: kwa hali ya aliyepotea, muone kadhi. Namba zinarudi chini na kazi inatoka mwezi huu."

Hoja yake si ya kipuuzi. Hakuna programu inayobeba kila kitu, na kumrejesha mtu kwa mwanachuoni ni adabu. Lakini neno nadra lilinikaa kooni. Nadra wapi? Nilipokwenda nyumbani wikiendi ile niliuliza baada ya swala ya isha, na mzee mmoja aliyetoka Kivu miaka mingi iliyopita akanitazama kama mtu aliyeuliza kama kuna maji ziwani.

"Mwanangu," alisema, "niambie wewe, humu msikitini nani hana aliyepotea?"

Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Walikuja kwanza Wanyarwanda, wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali, na wengine. Watu walikimbia usiku, wakagawanyika njiani, mmoja akavuka mpaka huu na mwingine ule. Nyumba yenye warithi wote wanaojulikana walipo ndiyo ya kutafuta. Programu inayodhani kila mrithi amehesabiwa imeandikwa kwa ajili ya mtaa mwingine, na kwa Misiera tawi lile lililoitwa la pembeni ndiyo barabara kuu.

Kwa hiyo kabla ya kufuta tawi, nadhani mwandishi anadaiwa swali ambalo kipimo cha McCabe hakiwezi kumuulizia: nani anaishi humo? Kipimo kinahesabu matawi, na kwacho tawi lenye watu elfu na tawi tupu ni sawasawa.

Tukarudi kwenye vitabu kuona mafakihi wenyewe wanamshughulikiaje aliyepotea, na jibu lilitushangaza sote wawili kwa wepesi wake. Hawamuulizi katika kila fungu. Wanafanya hesabu nzima mara mbili: mara ya kwanza kwa kumchukulia yu hai, mara ya pili kwa kumchukulia amekufa. Kila mrithi aliyepo anapewa kile kilicho kidogo kati ya majibu mawili, na kinachobaki kinazuiwa mpaka habari zije au kadhi ahukumu.

Mfano. Mwanamke amefariki, baada ya madeni na wasia amebaki na mbuzi 6. Ameacha mume, dada wa baba na mama mmoja aliye naye hapa, na kaka wa baba na mama mmoja aliyepotea. Kaka akiwa hai: mume mbuzi 3, kaka 2, dada 1. Kaka akiwa alikufa kabla yake: mume 3, dada 3. Basi leo mume anapewa 3 zake, kwani hazibadiliki, dada anapewa 1, na mbuzi 2 wanawekwa. Kaka akitokea, ni wake. Ikithibitika alikufa kabla ya dada yake huyu, wanarudi kwa dada aliyepo.

Katika programu maana yake ni kwamba maswali yote ya "je, amepotea?" yanatoka ndani ya methodi za warithi. Inabaki methodi moja mpya, fupi, inayoita hesabu ileile mara mbili na kulinganisha. Namba zilishuka, na aliyepotea akabaki ndani. Ndugu yangu aliandika kipande hicho kwa muda wa swala mbili, na hakuzungumzia tena kuandika chini "muone kadhi".

Ingawa kadhi bado anahitajika, na hapa programu inafika mwisho wa uwezo wake. Wale mbuzi 2 atawashika nani? Watazaa, watakula, watauawa na ugonjwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 129, inazitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kwa namna Bunge litakavyozianzisha. Lakini kwa mkulima wa Misiera kilicho karibu ni imamu wake na wazee wa mtaa. Nimependekeza kwamba programu inapofika kwenye fungu lililozuiwa isimame, iandike kwa Kiswahili cha kawaida fungu hili ni la nani na kwa nini halijatolewa, na ionyeshe hesabu zote mbili, ili wazee wawe na kitu cha kusoma mbele ya familia. Ndugu wa kompyuta wanaona maandishi hayo ni marefu mno kwa kioo cha simu. Bado tunajadiliana.

Imebaki methodi moja juu ya kikomo cha McCabe, ina namba 14: babu anaporithi pamoja na ndugu wa marehemu. Wanaosoma fiqhi wanatabasamu wakisoma sentensi hii, maana ni mlango ambao Maswahaba wenyewe walikhitilafiana. Kwa rai ya Abubakar (R.A.), ambayo Mahanafi wameishika, babu anawazuia ndugu kama baba anavyowazuia, ni swali moja, na methodi ingeshuka mara moja. Sisi huku tunafuata rai ya Zayd bin Thabit (R.A.), ambapo babu anashiriki nao na kupewa lililo bora kwake kati ya hesabu kadhaa, na ndani yake kuna mas-ala ya Akdariyya ambayo hayafanani na kitu kingine. Wiki iliyopita ndugu yangu aliniuliza kama tunaweza kuchukua ile nyepesi. Nilimjibu kwamba mwanachuoni akituletea dalili tutabadilisha, na tutaandika kwamba tumebadilisha. Kwa sababu ya kipimo, hapana. Methodi ya babu ina 14, ina majaribio 14, na juu yake tumeandika kila tawi ni la nani.